Kuku wa WhatsApp akifia njiani, hasara ni ya nani?

Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku. Ni jogoo wa kuchi, mrefu, shingo imesimama wima, upanga mdogo kichwani, miguu minene. Chini yake kuna maneno machache: jogoo safi, elfu themanini, anayewahi apige simu. Mfugaji mmoja aliyeko kwenye visiwa vya delta anapiga. Wanakubaliana, anatuma hela yote kwa simu, na muuzaji anampakia jogoo kwenye basi pale Mbagala. Basi linamshusha Bungu, bodaboda inamchukua hadi Nyamisati, na hapo anasubiri boti. Boti nayo inasubiri maji yajae. Tenga linapofika kijijini jioni ya siku ya pili, jogoo amekufa.

Mnunuzi anadai hela yake. Muuzaji anajibu kwamba alimpakia akiwa mzima, na picha za kuthibitisha anazo. Kila mmoja ana watu wake ndani ya kundi. Ndani ya siku tatu kundi lililokuwa likishauriana kuhusu chanjo na chakula cha vifaranga limegawanyika vipande viwili.

Mfano huu tumeuunda sisi, lakini wasikilizaji wetu wa Dimani, Bungu, Salale na Mbuchi hawatauona mgeni. Wiki hii tunauliza kwa nini makundi haya yanavunjika kwa sababu ya biashara, sheria ya nchi inasemaje, na kanuni gani kundi linaweza kujiwekea kabla ugomvi haujaja.

Kundi la mapenzi linapogeuka soko

Makundi mengi ya wafugaji wa kuku na njiwa hayakuanzishwa kwa ajili ya biashara. Yalianzishwa na watu wanaopenda ndege. Kuchi hasa ni kuku wa mapenzi. Hatagi mayai mengi kama kuku wengine, na anayetafuta mayai ya kuuza atachagua kuku mwingine. Watu wanamfuga kwa umbo lake, kwa urefu wake na kwa sifa anayompa mwenye nyumba.

Penye mapenzi ya namna hiyo, biashara haikawii. Mmoja ana jogoo wa ziada, mwingine anatafuta damu mpya ya kuchanganya na matetea wake. Mwanzoni wanauziana watu wanaofahamiana: huyu ni wa Kibiti mjini, yule kaka yake anavua Nyamisati. Mambo yakiharibika, kuna mzee wa kuyaamua. Kisha kundi linakua. Mtu anamwingiza rafiki wa Mkuranga, rafiki naye anaingiza wawili wa Dar es Salaam, na baada ya mwaka kuna wanachama mia mbili ambao wengi wao wanafahamiana kwa namba ya simu tu.

Hapa ndipo shida inapozaliwa. Watu wanaendelea kuuziana kwa imani ileile ya mwanzo, wakati wanaouziana wamekuwa wengine. Mnunuzi anatuma hela kwa mgeni kwa sababu tu mgeni huyo yuko ndani ya kundi. Anadhani kundi limemdhamini. Kundi halijamdhamini mtu, ila hakuna aliyewahi kulisema hilo waziwazi.

Sheria ya nchi inasemaje

Wengi wanaamini kwamba mambo ya WhatsApp hayana sheria. Yanayo. Mauzo ya kuku kwa simu ni mauzo kama mengine, nayo yanaongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo kila mfugaji anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kuhusu maelezo. Kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Muuzaji akiandika kuchi na ukaletewa chotara, una haki ya kumkataa. Kwa hiyo maneno yaliyo chini ya picha yana uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. "Jogoo safi" ni sifa isiyopimika. "Jogoo wa kuchi, miezi tisa, amechanjwa mdondo mwezi uliopita" ni maelezo ambayo mtu anaweza kubanwa nayo.

La pili ni kuhusu hasara ya njiani. Kwa kawaida sheria hii inaifanya hasara ifuate umiliki. Mali ikishakuwa ya mnunuzi, ikiharibika ni hasara yake, hata kama bado hajaishika mkononi. Na mara nyingi, muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo aliotumwa kuusafirisha, huhesabiwa kwamba amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kwa mfano wetu, maana yake ni kwamba mfugaji wa delta anaweza kujikuta amebeba hasara ya jogoo tangu basi lilipoondoka Mbagala.

Lakini sheria hiyohiyo inaacha mlango wazi: kanuni hii inatumika pale ambapo wahusika hawakukubaliana vingine. Hapo ndipo kundi lenye kanuni linapotofautiana na kundi lisilo nayo. Mkinyamaza, ukimya wenu unamwangukia mnunuzi. Na kadiri mnunuzi anavyokaa mbali na barabara ya lami, ndivyo ukimya huo unavyomgharimu zaidi. Mtu wa Mbagala anakwenda kumwona jogoo kwa miguu. Mtu wa kisiwani ana basi, bodaboda, boti na maji ya bahari kati yake na kuku aliyemlipia.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Mafundisho ya Kiislamu ya biashara yanakataza gharar, yaani kuuziana kitu ambacho hakijulikani hali yake wala hakuna hakika ya kukipata. Mifano inayotolewa siku zote ni ndege aliye angani na samaki aliye majini. Mafundisho hayohayo yanazungumzia khiyari, nafasi ya muuzaji na mnunuzi kubadili nia kabla hawajaachana pale walipokaa. Kwenye simu hakuna mahali walipokaa pamoja. Ukibonyeza namba ya siri, hela imekwenda. Kazi ya kanuni za kundi ni kuirudisha nafasi hiyo ambayo simu imeiondoa.

Hela ikae wapi mpaka kuku afike

Tukiulizwa kanuni moja tu ambayo kila kundi liwe nayo, tutaitaja hii: nauli ni ya mnunuzi, kuku ni wa muuzaji, mpaka pale walipokubaliana kukabidhiana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kabla kuku hajapakiwa, wawili wanataja mahali pa makabidhiano, tuseme Bungu. Mnunuzi anatuma nauli peke yake. Muuzaji anampakia kuku. Pale Bungu, mtu aliyetajwa na mnunuzi analifungua tenga, anamtazama kuku na kupiga video. Kuku akiwa mzima na analingana na maelezo, mnunuzi anatuma bei. Kuanzia dakika hiyo kuku ni wake, na yakitokea mabaya kati ya Bungu na kisiwani, ni hasara yake. Kuku akifika Bungu amekufa, muuzaji amepoteza kuku na mnunuzi amepoteza nauli. Kila mmoja ameumia kidogo, na hakuna aliyeumia kote.

Wauzaji watakuwa na hoja, nayo ni ya haki. Kuku akishafika Bungu na mnunuzi akazima simu, muuzaji afanye nini na kuku aliye mbali na banda lake? Kwa hiyo mtu wa makabidhiano asimwachie kuku mtu yeyote kabla muuzaji hajathibitisha kwamba hela imeingia. Awe mtu anayekubaliwa na pande zote mbili, na alipwe kidogo kwa kazi yake. Minadani na sokoni kazi ya kusimama katikati tumeizoea, dalali anaifanya kila siku. Tofauti ni kwamba huyu wa kwetu hapangi bei. Anatazama, anapiga video na anasubiri neno.

Kuna gharama pia. Kutuma hela mara mbili ni kukatwa mara mbili. Kwa kifaranga wa bei ndogo, utaratibu huu unaweza kuwa mzito kuliko mali yenyewe. Kundi linaweza kuweka kiwango: chini ya bei fulani watu wauziane watakavyo, juu yake kanuni ifuatwe. Kiwango chenyewe wanachama wakipange kwa kutazama mifuko yao.

Kabla ya kutuma hela yoyote, soma jina linalotokea kwenye simu yako. Liwe la mtu unayenunua kwake. Akikwambia laini ni ya mdogo wake au ya shemeji yake, ahirisha mpaka apate namba yenye jina lake. Usajili wa laini kwa alama za vidole umetusaidia kujua laini ni ya nani, lakini hautakusaidia kitu kama umekubali mwenyewe kutuma kwa jina usilolijua.

Ugonjwa nao husafiri ndani ya tenga

Hela iliyopotea inaweza kutafutwa tena. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, ukiingia kijijini kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza mabanda yote. Kuku mmoja aliyenunuliwa kwa picha anaweza kuwamaliza kuku wa majirani ambao hawana simu wala hawajawahi kulisikia kundi lenu.

Kila mfugaji anaijua hila hii: kuku wakianza kusinzia bandani, mwenye nyumba anauza haraka kwa bei ya chini kabla hawajafa. Kwenye kundi la simu hila hiyo inafika wilaya tatu kwa dakika moja. Kwa hiyo kundi lisikubali tangazo la kuku kutoka kwenye banda lenye ugonjwa, na atakayebainika kuficha aondolewe moja kwa moja, bila onyo la kwanza wala la pili.

Muuzaji aandike tarehe ya chanjo ya mwisho. Chanjo ya mdondo ya I-2, ambayo inastahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi na hutolewa kwa tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mnunuzi naye ana wajibu wake: kuku mgeni akae peke yake wiki mbili, mbali na kuku wa nyumbani, na vyombo vyake vya maji visichanganywe. Kwa anayesafirisha mifugo kutoka wilaya moja kwenda nyingine, amwone kwanza ofisa mifugo wa kata kuhusu kibali.

Kuna pia vitu ambavyo kundi halipaswi kuviruhusu kabisa. Ndege wa porini, kama kasuku na kwale, wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kuwakamata au kuwauza bila leseni ni kosa. Atakayetangaza kasuku kwenye kundi la njiwa anawaweka wenzake wote kwenye mashaka. Na kwa kuwa kuchi anajulikana kwa ukali, wapo watakaotangaza jogoo kwa sifa ya kupigana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama. Kundi la watu wanaosema wanawapenda kuku halina sababu ya kungoja polisi walikumbushe hilo.

Refa asicheze mpira

Makundi mengi yana admini mmoja au wawili, na mara nyingi admini ndiye muuzaji mkubwa. Ndiye mwenye mabanda, ndiye anayejulikana, ndiye aliyelianzisha. Kuna ubaya gani? Siku mnunuzi analalamika kuhusu kuku wa admini, mlalamikaji ndiye anayetolewa kwenye kundi. Tangazo la mshindani wa admini linafutwa kwa kisingizio cha kujaza kundi. Wanachama wanaona na kunyamaza, kisha wanahama kimyakimya.

Dawa yake ni nyepesi. Kundi lichague watu watatu wa kusikiliza malalamiko. Anayehusika na shauri, awe admini au mwingine, akae pembeni siku hiyo. Uamuzi uandikwe mbele ya kundi kwa mistari michache: nini kilidaiwa, nini kilionekana, nini kimeamuliwa.

Mazungumzo ya bei nayo yawe na sehemu ya hadharani. Imekuwa desturi kuandika bila bei, kisha muuzaji anasema "njoo inbox". Kule ndani kila mtu anatajiwa bei yake na ahadi yake, na likitokea la kutokea hakuna shahidi. Kwa upande wa Facebook, sera yake ya biashara hairuhusu watu binafsi kuuziana wanyama hai, na hilo nalo linawasukuma wauzaji kuficha maneno. Kanuni ya kundi iwe hii: bei, umri, chanjo na mahali kuku alipo viandikwe mbele ya wote. Mkipatana, mstari mmoja wa mapatano urudishwe kundini.

Duniani jambo hili lilijulikana mapema. Pierre Omidyar alianzisha soko la mtandaoni la eBay huko Marekani mwaka 1995, watu wasiojuana wakiuziana vitu kwa mbali. Mwaka uliofuata aliweka sehemu ambapo mnunuzi na muuzaji wanaandika, kila mmoja kuhusu mwenzake, jinsi biashara ilivyokwenda. Mgeni akawa na kumbukumbu inayomfuata. Kundi letu la kijijini halihitaji mitambo kwa hilo. Daftari la shule linatosha: tarehe, muuzaji, mnunuzi, kuku gani, alifika au hakufika. Ujumbe wa simu hupotea mtu akibadili simu, daftari hubaki.

Kuanika mtu kundini

Mtu akishaona ametapeliwa, hasira inamtuma kuanika: picha ya mtu, kitambulisho chake, namba zake, na neno mwizi juu yake. Tunaielewa hasira hiyo. Hata hivyo tunashauri kundi liikataze njia hii, kwa sababu mbili.

Kwanza, unaweza kuwa umekosea. Pengine aliyechelewa ni boti, au laini imezimwa kwa betri. Ukishasambaza, huwezi kuirudisha, na kusambaza taarifa ya uongo kunaweza kukuingiza wewe kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa za mtu, na picha ya kitambulisho ni taarifa ya namna hiyo. Ikizagaa, tapeli mwingine ataitumia. Kundi liseme kwa ufupi kwamba fulani amesimamishwa kuuza mpaka shauri lake liishe. Hilo linawalinda wanachama bila kuzua kesi mpya.

Ukitapeliwa kweli, tunza kila kitu. Usifute mazungumzo, usifute ujumbe wa muamala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kupokelewa kama ushahidi. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, maana hela ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Toa taarifa polisi, kwani kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai hata kama mali yenyewe ni kuku mmoja. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040 ya TCRA. Na ukitaka kujua kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106#.

Kanuni zisizozidi ukurasa mmoja

Kundi lenye kanuni arobaini ni sawa na kundi lisilo na kanuni, maana hakuna atakayezisoma. Kwa kundi la wafugaji wa kuku au njiwa, hizi zinatosha kuanzia:

1. Kundi halimdhamini muuzaji wala mnunuzi.
2. Tangazo liwe na bei, umri, tarehe ya chanjo na mahali ndege alipo. Picha iwe ya ndege huyohuyo.
3. Mahali pa makabidhiano patajwe kabla ya kusafirisha. Nauli ya mnunuzi, ndege wa muuzaji, mpaka hapo.
4. Hela itumwe kwa jina la muuzaji mwenyewe.
5. Banda lenye ugonjwa haliuzi. Ndege wa porini hauzwi.
6. Malalamiko yasikilizwe na watu watatu wasiohusika.
7. Hakuna kuanika vitambulisho wala namba za watu.

Ziandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, kisha mtu mwenye sauti nzuri azisome na kuzituma kama ujumbe wa sauti. Wapo wafugaji hodari ambao kusoma kunawapa shida, na wapo ambao macho yao hayauoni tena mwandishi wa simu. Mwanachama mpya asikilizishwe kabla hajaweka tangazo lake la kwanza. Na zipangwe sasa, wakati hakuna anayemdai mwenzake. Kanuni ikitungwa katikati ya ugomvi, kila mtu anaitazama kama fimbo ya upande mmoja.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliacha mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti chini ya maji. Kwa kaya inayoanza upya, kuku ni mali inayonunulika kwa hela kidogo na kuzaliana haraka. Elfu themanini iliyokwenda kwa jogoo aliyefika amekufa ilikuwa ada ya mtoto, au mbegu za msimu. Mwenye hela hiyo anastahili kujua, kabla hajabonyeza namba ya siri, hasara itakuwa ya nani.

Kama kundi lenu limeshajiwekea kanuni, tuambieni ipi imefanya kazi na ipi imeshindikana. Tutazisoma hewani ili na makundi mengine yajifunze.